Plasta Isiyo na Harufu

Kwetu mwuza jamu huangaliwa mwenyewe kwanza, chupa zake baadaye. Awe na ngozi laini, mgongo ulionyooka, asikohoe, asinune. Jamu ni dawa za mizizi na majani tunazozisaga alfajiri, na nani atanunua dawa kwa mgonjwa? Basi mimi Karsinah, ambaye mtaa wetu mzima hapa mjini Solo wananiita Yu Kar, dada Kar, nimekuwa tangazo la uongo kwa miaka kumi na moja. Nalisema mapema ili mtu asianze kunihurumia njiani.

Kila asubuhi nilibeba kikapu cha chupa nane mgongoni, nimekifunga kwa kitambaa kinachopita begani, na mkononi ndoo ya kusuuzia glasi. Manjano na ukwaju ni kwa wanawake. Mchele na tangawizi ni kwa waliochoka. Halafu kuna ile chungu, ya majani, ambayo hata wanaume wenye masharubu huinywa wamefumba macho. Ukishamnywesha mtu ile chungu, unammiminia glasi ndogo ya tamu, sukari ya mnazi na tangawizi, ya kufutia mdomo. Hiyo ni bure. Mama yangu aliitoa, bibi yangu aliitoa, na sijawahi kuona mtu akiikataa.

"Yu Kar, hivi una miaka mingapi?" wangeniuliza wanawake getini.

"Arobaini na saba."

"Muongo mkubwa! Ngozi hiyo?"

"Kunywa manjano, acha maneno."

Wangecheka, nami ningecheka nao huku namimina. Na chini ya nguo, kidogo tu chini ya kiuno, upande wa kushoto, ilikuwa imebandikwa plasta ya homoni ya daktari wa Semarang.

Hedhi yangu ilikata nikiwa na miaka thelathini na sita. Mtoto wangu mmoja alikuwa shule ya msingi, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerithi kikapu cha mama. Nikaanza kupandwa na joto kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, nalowa jasho nikiwa nimekaa kivulini. Usingizi ukanipa talaka. Viungo viliuma kama vya ajuza. Siku moja nilivunja glasi moja nikalia mpaka adhuhuri, na mume wangu, Pak Giman, yaani Bwana Giman, akatoka kwenda kukaa kwa jirani kwa sababu hakujua afanye nini na mimi. Nilikunywa chupa zangu zote. Nilikunywa za mama, nikazidisha, nikachanganya. Mwaka mzima. Mwisho nikavaa suruali ya dada yangu ili nisitambulike, nikapanda basi hadi mji wa Semarang, mahali ambapo hakuna anayenijua.

Daktari Hapsari ni mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Aliniambia vifuko vyangu vya mayai vimelala kabla ya wakati, homoni zimepungua mwilini, na kwamba hilo si laana wala si uchafu wa damu. Akanipa plasta za kubandika mara mbili kwa wiki, na vidonge vya kumeza siku kumi na mbili kila mwezi.

"Vyote viwili, Bu Karsinah," alisema akiniita Bu, yaani Mama, na kunigongea meza kwa kalamu. "Plasta peke yake itanenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi, na hapo tutatafuta balaa nyingine. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Hilo nalo nalisema mapema. Kwenye fomu waliuliza kazi yangu nikaandika mshonaji.

Baada ya miezi miwili nilikuwa mtu tena. Nalala, nacheka, napanda ngazi. Na ile afya niliyopewa na daktari nikaifanyia nini? Nikaiuzia manjano.

Pak Giman alipoiona plasta mara ya kwanza, nilimwambia ni koyo. Kwetu kila mtu hubandika koyo, zile plasta za maumivu zenye kunuka mentholi na pilipili. Wazee hutembea nazo mpaka kwenye vipaji vya nyuso. Akaguna, akageukia ukuta, akalala. Uongo wangu ulianzia hapo, kitandani kwangu mwenyewe, na ulikuwa mwepesi kiasi kwamba niliuona kama si uongo.

Ratri ni mkwe wa Bu Pawiro, nyumba ya geti la kijani. Anafundisha watoto wadogo, ana miaka thelathini na tatu, ana sauti ya upole na aibu ya kizamani. Alinijia wiki moja baada ya Idi ya mwaka jana, akanivuta pembeni ya geti.

"Yu, sijaona siku zangu miezi miwili. Na si mimba, nimeshapima mara tatu."

"Mawazo hayo," nikamwambia. "Manjano na ukwaju, kila siku, usiruke."

Mpaka hapo sikuwa na kosa. Mwezi mmoja wa manjano haujamuua mtu. Lakini ukaja msimu wa mvua, asubuhi moja ya baridi ambayo hata mimi nilikuwa nimejifunika kitambaa kichwani, nikamkuta Ratri getini anajipepea kwa daftari la mwanafunzi. Uso mwekundu, jasho linatiririka mashavuni. Tulitazamana. Nililijua lile joto, nilijua linakoanzia na linakoishia.

Nilisema nini? Nilisema, "Damu yako ina uchafu kidogo, mdogo wangu. Inahitaji muda kusafishika."

Mkono wangu ulimimina bila kutetemeka. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba haukutetemeka.

Ningemwambia nenda kwa daktari, angeuliza umejuaje. Ningemwambia nimejuaje, ingefika kwa Bu Pawiro kabla sijamaliza kusuuza glasi, na Bu Pawiro ni redio. Mama yangu alikufa bila kumeza hata kidonge cha kichwa, na wateja wangu nusu walikuwa wake. Nikajiambia kesho. Nimejiambia kesho asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mwezi Ratri aliniambia getini, kwa kunong'ona, "Bado, Yu," nami nikasema, "Vumilia."

Mwaka ulipotimia na zaidi, mimi nikaugua. Homa ya mvua, mwili wote maji. Mchana mmoja Ratri akaja na mkwewe kunikwaruza mgongo, maana upepo ukishaingia mwilini lazima uutoe kwa sarafu na mafuta mpaka ngozi iwe na mistari myekundu. Bu Pawiro aliketi kichwani pangu akimenya machungwa na kupiga domo. Ratri alikwaruza. Mkono wake ni mwepesi, nikaanza kusinzia. Sikushtuka mpaka aliposhusha nguo kidogo kiunoni na sarafu ikagonga ukingo wa plasta.

"Yu, una koyo huku?"

Bu Pawiro akainama kutazama. "He! Mwuza jamu kabandika plasta! Kwani manjano yako yamegoma?"

"Mgongo tu huo," nikasema na uso wangu ndani ya mto. "Kubeba kikapu si mchezo."

Ratri akainusa. Nilisikia pumzi yake ikipita puani. "Mbona haina harufu? Koyo gani hainuki?"

"Ya Kijapani."

"Ala!" akasema Bu Pawiro. "Watu wana hela."

"Nipe moja na mimi, Yu," Ratri akasema. "Magoti yananiua. Nikiinama kumfunga mtoto kamba za viatu, kuinuka ni kazi."

"Zimeisha."

"Zimeisha wapi, si hizo kwenye sanduku hapo dirishani?" Bu Pawiro alikuwa ameshaziona. "Usiwe bahili bwana, mwenzio amekukwaruza mpaka vidole vimekufa ganzi. Mpe mbili."

Nilimpa mbili. Ningeweza kusema ni dawa ya daktari, ina masharti. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini Bu Pawiro alikuwa ananitazama huku anatafuna chungwa, na mimi nikamwambia Ratri, "Bandika chini ya kiuno, siyo gotini, ndiyo inavyofanya kazi."

Unaona? Nilijua hata pa kumwonyesha.

Siku nne baadaye aliomba nyingine. Nikampa. Halafu nikawa nampelekea mwenyewe, nimezificha chini ya chupa. Nilijidanganya kwamba namsaidia, kwamba angalau anapata kile mwili wake unachokosa, na kwamba nitamletea na vidonge nikipata namna ya kumweleza ni vya nini. Namna sikuipata. Koyo mtu anaweza kumpa mwenzake bila maelezo. Kidonge lazima ueleze.

Kufikia wiki ya tano Ratri alikuwa mtu mwingine. Daftari la kujipepea lilipotea mikononi mwake. Alikuwa analala. Alimtania mume wake mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile. Asubuhi moja, getini, wanawake saba wamesimama na glasi zao, akanishika bega akatangaza:

"Jamani, mnaniona? Ni manjano ya Yu Kar haya! Mwaka mzima nimekunywa, nilishakata tamaa, sasa mwili umeitika!"

"Hata mimi niongezee," mmoja akasema.

"Mimi nataka chupa nzima ya kwenda nayo."

Hakutaja plasta, kwa sababu plasta kwake ilikuwa ya magoti. Nilisimama katikati yao nikitabasamu na mashavu yakiniwaka moto, tena safari hii si kwa homoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikawamiminia. Chupa ziliisha kabla ya saa mbili.

Wiki iliyofuata mtoto wa jirani akaja mbio kuniambia Bu Pawiro ananiita, nije hivi hivi na kikapu changu. Nilimkuta jikoni na masufuria mawili ya uji wa mchele, mmoja mweupe, mmoja mwekundu kwa sukari ya mnazi. Kwetu uji huo hupikwa kushukuru, ukagawiwa majirani kwa bakuli.

"Wa kwanza wewe!" akasema akinikalisha kwa nguvu. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mkwe wangu ameona siku zake, Yu Kar! Mwaka na miezi! Sasa mjukuu hayuko mbali. Akiwa wa kike nampa jina lako, na nani abishe!"

Akanitilia bakuli mkononi, akageuka kuchota la pili. Ratri alikuwa ameegemea mlango wa jikoni. Alitabasamu, lakini midomo yake ilikuwa imepauka. Akaja akachutama karibu na goti langu, akanong'ona.

"Yu, leo siku ya kumi na tatu. Haikati. Nabadilisha kila baada ya saa mbili, na jana nilishika ukuta nisianguke. Ni ule uchafu uliosema unatoka, siyo?"

Uchafu. Neno langu lile lile, alikuwa amelitunza muda wote huo.

Niliweka bakuli chini. Sikuwa shujaa, msidhani. Niliogopa atakufa, na nikaogopa zaidi kwamba atakufa akinishukuru.

"Hiyo siyo hedhi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka na Bu Pawiro akageuka na upawa mkononi. "Ile plasta siyo koyo. Ni dawa ya homoni, ni yangu mimi. Nilikauka nikiwa na miaka thelathini na sita, nikatibiwa Semarang mpaka leo. Ratri ana ugonjwa wangu. Na plasta hazibandikwi peke yake, zina vidonge vyake, bila hivyo mtu anaweza kutoka damu hivi. Nilikuwa najua."

Bu Pawiro alicheka kwanza. Alidhani ni utani wangu wa getini. Halafu akanitazama vizuri.

"Na manjano?"

"Manjano ni manjano, Bu."

"Sasa hiyo ngozi yako..."

"Ya daktari."

Upawa ulitua kwenye sufuria, uji ukaruka mpaka ukutani. "Wewe mwanamke! Mwanangu alitaka kumpeleka mkewe hospitali! Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimkatalia! Nilimwambia hospitali ya nini na Yu Kar yupo?" Akaanza kulia, akijipiga mdomo kwa vidole, na sijui kama alikuwa ananilaani mimi au ule mdomo.

Ratri hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Siku ya daftari."

Alifikiri kidogo. "Ile ya mvua? Ulipokuwa umejifunika kichwa?"

"Hiyo."

"Ukaniambia nivumilie."

"Ndiyo."

Alinyanyuka akishika ukingo wa meza. Nikadhani anatoka, lakini alisimama mbele ya kikapu changu.

"Una ile chungu?"

Nikammiminia. Sikuelewa, ila mwuza jamu akiombwa humimina. Aliinywa kwa mkupuo, macho wazi, bila kukunja uso. Nikamimina ile tamu haraka, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama ninavyowapa wazee. Alinitazama, akaitazama glasi. Kisha akachutama, akasuuza glasi yake mwenyewe ndani ya ndoo yangu, akairudisha kikapuni mahali pake.

"Ngoja nichukue mkoba," akasema. "Twende huko Semarang kwako."

Nilibaki na ile tamu mkononi. Bu Pawiro hakuitaka, na mimi nisingeweza kuinywa. Nikaimwaga ndooni.

Ndani ya basi alikaa dirishani, akaweka mkoba wake katikati yetu. Mume wake, aliyekwisha kupigiwa simu, alikuwa njiani kutoka kazini kwake Klaten, tungekutana huko huko. Nilijaribu kusema nisamehe. Nilisema mara moja, Ratri akaangalia mashamba ya mpunga.

Daktari Hapsari alipotuona mlangoni alifurahi. "Ah, mshonaji wangu! Leo si siku yako."

Ratri akanigeukia. "Mshonaji?"

"Anauza jamu," Ratri akamwambia daktari, kwa ile sauti yake ya upole. "Mama yake aliuza, na bibi yake. Hajawahi kushona hata kifungo."

Daktari akanitazama juu ya miwani. Akamlaza Ratri, akampima kwa mashine, akamtoa damu, akampa vidonge vya kukausha ile damu, viwili vya kuanzia hapo hapo na vingine vya kwenda navyo. Aliuliza plasta alizipata wapi. Nikasema kwangu. Akauliza wiki ngapi. Nikasema saba. Aliandika, na kalamu yake ilisikika.

Akaeleza kwamba ukuta wa mfuko wa uzazi umenenepa lakini Ratri amewahi, atapona hilo. Matibabu yenyewe yatakuwa plasta na vidonge, kwa utaratibu, mpaka kwenye miaka hamsini, na mifupa yake itapigwa picha kwa sababu yale magoti hayakumpendeza. Ratri alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa. Halafu akauliza lile moja alilokuwa nalo tangu kwenye basi.

"Na mtoto, Daktari?"

Daktari Hapsari alivua miwani. "Sitakudanganya. Inategemea vifuko vyako vimebakiza nini, na huwa vinapungukiwa kila mwezi unaopita. Wanaokuja mapema, mara nyingine huwa na kitu cha kujaribu. Ndiyo maana nahitaji jibu la kweli hapa. Hedhi ilianza kukatika lini? Nataka miezi."

Ratri akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena. Kisha akaiweka mikono yake mapajani.

"Mimi nilikuwa nasubiri tu, kila mwezi nikijua ujao utakuwa ndio wenyewe," akasema. "Muulize Yu Kar. Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu."

Wote wawili walinigeukia.

"Miezi kumi na saba," nikasema.

"Una hakika?" daktari akauliza.

Nikasema nina hakika.